Mnunuzi alichelewa, nikamuuzia jirani: nani aliyekosa?

SWALI: Mimi ni mwalimu, naishi Mikindani, Mombasa, na nimepata uhamisho kwenda Voi. Niliweka friji yangu mtandaoni kwa shilingi 18,000, bei ya maelewano. Bwana mmoja wa Likoni akaniandikia, tukavutana, tukaafikiana 16,500. Hakutoa arubuni, yaani malipo ya awali ya kushikia kitu, na mimi sikumwomba. Akasema Jumamosi saa nne asubuhi atakuwa kwangu. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, kimya. Saa tano unusu jirani wa ghorofa ya chini akaja na 18,000 taslimu, nikampa friji. Saa saba kasorobo yule bwana akatokea na pikapu ya kukodi na hamali wawili. Alikasirika mno. Alisema feri ilikuwa na foleni na pikapu imemla 3,000. Jioni akaweka picha yangu na nambari yangu ya simu kwenye kundi la wauzaji na wanunuzi, akaandika: "Tapeli huyu, jihadharini." Je, nilimkosea? Sheria yasemaje? Na kitanda bado ninacho, naogopa hata kukitangaza.

JIBU: Mwalimu, hukumu kwanza, maelezo baadaye. Mlikoseana nyote wawili, ila si kwa kipimo kimoja. Kosa lako ni simu moja ambayo hukuipiga saa tano unusu, kabla hujapokea pesa za jirani. Kosa lake la kwanza ni kunyamaza karibu saa tatu akijua kuna mtu anamngoja. Kosa lake la pili, lile la picha, silioni utetezi wake.

Wengi watakaokuhukumu watashika ile tofauti ya 1,500. Watasema uliingiwa na tamaa. Mimi sianzii hapo. Nimenunua na kuuza vyombo vya nyumba vilivyotumika, na nimepatanisha watu waliokwaruzana kwa ajili ya vyombo hivyo, muda wa kutosha kuona kwamba ugomvi wa mji huu mara nyingi hauanzi kwenye bei. Huanza kwenye nauli. Mtu atoke Mtwapa, apande matatu mbili na tuktuk, avumilie jua la Jumamosi, afike Changamwe aambiwe "ah, imeondoka jana." Hapo hata kama friji yenyewe ilikuwa mbovu ataililia kama dhahabu. Kinachomuuma ni siku yake, na pesa zilizoteketea njiani wakati mwenye friji alikuwa na simu mkononi.

Sheria uliyoiulizia nitaimaliza upesi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, kifungu cha 6, yasema mapatano ya kuuza kitu cha thamani ya shilingi 200 au zaidi hayadaiwi mahakamani mpaka moja kati ya mambo haya liwe limetokea: mnunuzi amepokea na kukubali sehemu ya bidhaa, au ametoa arubuni au sehemu ya malipo, au pana maandishi yenye saini ya yule anayedaiwa. Shilingi 200 zilikuwa pesa za maana hayo yalipoandikwa; leo zaishia kwenye tuktuk. Lakini kifungu bado kipo. Bwana wako hakupokea kitu na hakutoa hata ndururu. Wakili mwenye bidii anaweza kujaribu kusema kwamba jumbe zenu za WhatsApp ni maandishi, na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na inayosikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, haimfungii mtu mlango. Ila kwa friji ambayo hakuilipia, sioni atapata nini huko zaidi ya kupoteza siku nyingine. Kisheria, basi, umekaa pazuri. Kiungwana ndiko kwenye kazi.

Wanaojua fikihi ya biashara, yaani sheria ya Kiislamu, watakukumbusha kwamba haifai mtu kuingilia biashara ya mwenzake wakati wawili wameshaafikiana bei. Lawama hiyo inamhusu anayeingilia akijua. Jirani yako hakujua. Aliona friji, akaleta pesa. Wewe ulijua. Mzigo wa kusema "ngoja kidogo, kuna mtu niliyempa ahadi, nimpigie kwanza" ulikuwa wako peke yako. Ungempigia, mambo mawili yangeweza kutokea. Angepokea akasema "niko hapa Likoni, nimekwama," nawe ungeamua ukijua lililopo. Au asingepokea, ukamwandikia: "Nimekungoja tangu saa nne. Mtu mwingine amefika na pesa. Usiponijibu kufikia saa sita nampa yeye." Nusu saa tu. Jirani anakaa ghorofa ya chini, hana pa kukimbilia. Baada ya hapo ungeuza, na hata angekuja na pikapu tatu, ujumbe ule na saa yake vingekuwa jibu tosha.

Mimi huwapa watu muhula wa saa moja baada ya wakati wa miadi. Haupo kwenye sheria, lakini kwa mji wenye kivuko upande mmoja na malori ya bandarini upande wa pili, chini ya hapo ni ukali na zaidi ya hapo ni kujidharau. Saa ikiisha, muuzaji apige simu mara moja na aandike mara moja. Asibembeleze.

Na yeye je, kisingizio chake cha feri? Foleni ya Likoni si habari ngeni kwa mtu wa Likoni. Anayeishi ng'ambo anapotoa ahadi ya saa nne bara, hesabu ya feri inatakiwa iwe imo ndani ya saa nne hiyo. Tena siku hizi mwenye gari anaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu na kutokea upande wa Miritini, ambako ni jirani kabisa na Mikindani, bila kugusa maji. Huenda mwenye pikapu alikataa kwa sababu ya mafuta, huenda bwana mwenyewe hakufikiria. Hilo ni lake. Lakini tuseme alikwama kweli, kwenye kivuko, gari haliendi mbele wala nyuma. Mtu aliyekaa kwenye foleni hana kazi nyingine. Mikono yake ni mitupu na simu iko mfukoni. Kuandika "nimekwama feri, usiuze" ni kazi ya nusu dakika. Hakuiandika, halafu akaja kukasirika kana kwamba wewe ulipaswa kuota.

Kuna desturi moja ninayowashikilia watu, na lau mngeifuata msingefika huku. Ni simu ya kuondoka. Mnapoafikiana bei, bidhaa bado ni ya yeyote. Mnachokuwa nacho ni nia njema. Siku ikifika, mnunuzi akiwa tayari kutoka, kabla hajampa dereva hata shilingi, anapiga: "Natoka sasa, bado ipo?" Muuzaji akijibu "ipo, njoo," kuanzia dakika hiyo bidhaa imefungwa. Haiuzwi, haioneshwi, haijadiliwi, hata akija mtu na gunia la pesa, mpaka yule aliye njiani afike au muhula wake uishe. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayetoa pesa kwa mtu asiyemjua, ilhali kila mmoja ana kitu cha kumshikia mwenzake. Mnunuzi ambaye hakupiga simu ya kuondoka, akafika akakuta mahali patupu, hana wa kumlaumu. Muuzaji aliyeipokea halafu akauza, yeye ndiye alipe nauli.

Utaniuliza kwa nini nisiseme tu watu watoe arubuni. Arubuni ni nzuri kwa mtu aliyekwisha kuiona bidhaa kwa macho, akaigusa, akasema "nitarudi na gari kesho." Hapo toa 1,000, andikiana mistari miwili, na mkubaliane tangu mwanzo itarudishwa au itapotea akikosa kuja. Kwa mtu aliyeona picha pekee, arubuni ndiyo njia kuu wanayolia matapeli. Picha nzuri ya makochi, bei ya kutupa, "nahama kesho, wengi wanaitaka, tuma 2,000 nikuwekee." Ukishatuma, nambari haipatikani tena. Kwa hiyo muuzaji muungwana haombi arubuni kwa mtu ambaye hajaona kitu, na mnunuzi akikataa kuitoa asionekane bahili. Yule bwana kutotoa arubuni hakukosa, na wewe kutoiomba hukukosa.

Kuhusu ile 1,500 mliyopunguziana: mlivutana kwenye simu, mkamaliza. Vyema. Kuvutana bei ni haki ya mnunuzi, na ukiandika "maelewano" umeifungulia mlango mwenyewe. Kinachoudhi ni kuvutana mara mbili. Mtu anakubali 16,500 kwenye ujumbe, anafika mlangoni na hamali wameshika kamba, anasema "haya dada, nina 14,000, tumalize." Anajua umeshaiosha friji, umeikausha, umeisogeza sebuleni. Huo ni uhuni. Bei iliyokubaliwa hufunguliwa upya kwa sababu moja tu: kasoro ambayo hukuitaja wala haikuonekana kwenye picha. Akiikuta, ana haki ya kupunguza au kugeuza, na wewe huna haki ya kununa.

Hapa nikae kidogo, maana friji za Mombasa zina mambo yake. Hewa ya bahari hula chuma. Friji iliyokaa miaka mitano karibu na ufuo, mlango waweza kung'aa kama mpya, ukiipindua kidogo ukatazama chini na nyuma, kwenye zile bomba nyembamba, unakuta kutu ya rangi ya kahawia inayomenyeka kwa kucha. Hiyo ndiyo picha ambayo muuzaji hapendi kuipiga na ndiyo anayopaswa kuiweka. Mpira wa mlango pia: funga noti ya 50 kati ya mpira na mwili wa friji, halafu ivute. Ikitoka yenyewe bila kushikwa, baridi inavuja na bili ya umeme itamla mnunuzi. Muuzaji mkweli huiwasha tangu usiku uliotangulia ili mgeni akute barafu. Ukimkaribisha mtu ukamwonesha friji iliyozimwa, yenye joto kama kabati, hata kama ni nzima atadhani unaficha mlio wa mashine. Na hakikisha tokeni za umeme hazijakwisha. Nimeona mwanaume mzima akizunguka kwa majirani kuazima tokeni ili aonyeshe televisheni yake, na mnunuzi pale mlangoni akizidi kushuku kila dakika.

Mashine za kufulia ni shida kubwa zaidi, kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi. Uliza wanatumia maji gani kabla hujauliza bei.

Ukweli huu si wa uungwana peke yake. Sura ileile ya 31 inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo yake. Mtu binafsi anayeuza friji yake moja habebeshwi dhamana ya ubora kama mwenye duka, lakini akiandika "haina tatizo lolote" na huku akijua mashine inazima kila saa, ameandika ushahidi dhidi yake mwenyewe. Andika "imetumika miaka minne, mpira wa mlango umelegea chini." Bei itashuka kidogo na simu za lawama hazitakuja.

Kuhusu mahali, ulimkaribisha nyumbani. Kwa friji hakuna njia nyingine, haibebwi kwenda mkahawani. Ila mwanamke anayeuza akiwa peke yake, na hata mwanamume, afanye hivi: amwite ndugu au jirani akae hapo, mlango uwe wazi, mgeni aoneshwe bidhaa na sebule tu. Mnunuzi naye asije na watu wanne bila kusema. Hamali wabaki chini mpaka bei ilipwe. Vitu vidogo kama simu, vyombo vya jikoni au nguo vipelekwe mahali penye watu, mchana, na ikiwa mmoja yuko kisiwani na mwingine bara, mwenye haja kubwa zaidi ndiye anayesogea. Kivuko hakimlipishi anayetembea kwa miguu, lakini muda wake unalipwa na nani? Na kuna wanaume wanaoona nambari ya mwanamke kwenye tangazo la meko ya gesi wakaanza "habari ya usiku mrembo." Hao usiwajibu hata kuwaambia kwamba meko imeuzwa.

Wakati nao una adabu yake hapa kwetu. Ijumaa mchana usimtarajie mtu apokee simu. Mwezi wa Ramadhani, kumpigia muuzaji Mwislamu dakika ya magharibi kumuuliza bei ya mwisho ni kuwakosea watu wote waliozunguka sinia. Baada ya tarawehe mji uko macho, wengi hununua na kuuza saa hizo kuliko mchana, hasa makochi na mapazia Idi ikikaribia.

Sasa malipo. Jirani alikuletea taslimu, ukahesabu, basi. Kwa kitanda huenda mtu akataka kulipa kwa M-Pesa, na kuna jambo dogo linalowagombanisha watu mlangoni: gharama. Desturi ninayoiona ya haki ni kwamba anayetuma analipa ya kutuma, na anayepokea anabeba ya kutolea, isipokuwa mlisema mapema. Kumwambia mtu "weka na ya kutolea" pesa zikiwa zimeshatumwa, huku kitu kiko kwenye mkokoteni, ni kumbana. Kama unaitaka, itaje siku ya kuafikiana bei. Jambo kubwa ni ujumbe wa uongo. Tangu M-Pesa ianze 2007 watu wamejifunza kuandika jumbe zinazofanana na za kweli mpaka nukta. Usiutazame ujumbe alionao yeye kwenye simu yake, wala usitosheke na ulioingia kwako. Piga *334#, angalia salio lako mwenyewe, ndipo useme "chukua." Mnunuzi muungwana atangoja bila kukunja uso. Na kwa kuwa mtumaji anaweza kuomba pesa zirudishwe kwa kupeleka ule ujumbe kwa nambari 456, andikeni kwa WhatsApp, palepale: "Nimepokea kitanda, nimelipa kiasi hiki, nimeridhika." Akija kudai alikosea nambari, utakuwa na cha kuonesha.

Mnunuzi naye ana haki ya kuuliza kitu kimetoka wapi. Kwa simu na kompyuta hata si haki, ni lazima. Kupokea mali ya wizi, kwa kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, kunaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha hadi miaka 14, na "niliinunua mtandaoni" haimtoi mtu korokoroni kwa urahisi. Risiti, boksi, nambari inayotokea ukibonyeza *#06# ifanane na iliyo kwenye boksi. Muuzaji anayekasirika kwa kuulizwa hayo, mwache na simu yake.

Nirudi kwa yule bwana na picha. Kumwita mtu tapeli mbele ya mamia ya watu, ukaweka na sura yake na nambari yake, ni kitu kingine kabisa na kukosewa miadi. Tapeli ni mtu aliyechukua mali kwa hila. Wewe hukuchukua senti yake. Neno hilo likikaa pale linakuharibia jina kwa wazazi wa wanafunzi wako, na kwa shule yako mpya huko Voi, na kisheria kashfa ni kosa la madai ambalo yeye, si wewe, ndiye angekuwa na la kujibu. Angeandika "nilifika nikakuta imeuzwa bila kuambiwa, jihadharini na miadi ya namna hii," bila picha wala nambari, ningesema ana haki yake. Kuwaonya wengine kunaruhusiwa, mradi useme lililotokea na si zaidi.

Usimjibu pale kwenye kundi. Kila jibu litapandisha tangazo lake juu na litaleta watazamaji wapya. Piga picha ya skrini uhifadhi, pamoja na jumbe zenu zote tangu ile ya kwanza. Halafu mwandikie yeye peke yake, kwa upole, hivi au kwa maneno yako:

"Bwana, salamu. Jumamosi nilikungoja tangu saa nne. Nilipaswa kukupigia kabla ya kuuza, sikufanya hivyo, na kwa hilo naomba radhi. Wewe nawe hukuniarifu kwamba umechelewa. Sikuchukua pesa yako, kwa hiyo neno tapeli si la kweli. Naomba uondoe picha na nambari yangu leo. Ukishaondoa, nitachangia pikapu yako 1,000."

Kwa nini 1,000 na si 3,000? Kwa sababu hasara ile ilitengenezwa na watu wawili, na yeye mkono wake ni mkubwa zaidi. Kwa nini usiseme sifuri? Kwa sababu ulipata 1,500 zaidi ya bei mliyoafikiana, na sehemu ya 1,500 hiyo ilitoka kwenye simu ambayo hukuipiga. Huna deni la kisheria, na ukiamua kutompa hakuna atakayekushika. Mimi ningempa, na ningebaki na 500 bila kinyongo. Lakini picha iondoke kwanza, ndipo pesa ziende. Si kinyume chake, wala si kwa awamu. Akikataa, waandikie wasimamizi wa kundi ukiwapa jumbe zote, wasome saa kwa saa. Wakilegea na maneno yakaendelea kusambaa, mtafute wakili akuandikie barua moja. Mara nyingi barua hiyo inatosha.

Kitanda kitangaze, usiogope. Hukusema kina hali gani, kwa hivyo huu ni mfano, ujaze ya kwako: "Kitanda cha mbao ngumu, futi 5 kwa 6, bila godoro. Matendegu na mifumbati ni mizima, chaga mbili zimebadilishwa. Hakina kunguni, njoo ukague mwenyewe. Kiko Mikindani, ghorofa ya tatu, ngazi tu, hamali ni wako. Kitafunguliwa vipande ukishalipa, spana ninayo. Bei 9,000, maelewano kidogo. Nipigie unapotoka kwako ndipo nikufungie." Hilo la kunguni usiliruke, kwa kitanda kilichotumika ndilo swali ambalo kila mtu analo na wengi wanaona haya kuliuliza. Kama waliwahi kuwepo ukapuliza dawa, sema lini. Piga picha mchana dirisha likiwa wazi, na moja iwe ya zile chaga mbili kwa karibu.

Wataanza kukuuliza "bado ipo?" watu ambao hawatakuja kamwe, wengine wamebonyeza tu kitufe. Wajibu kwa sentensi moja yenye siku na mahali: "Kipo, Mikindani, jioni baada ya saa kumi na moja, waja lini?" Anayetaka atataja siku. Anayekuandikia "bei ya mwisho?" bila salamu, mwambie bei ya mwisho husemwa mbele ya kitanda. Na kikishauzwa, kiondoe mtandaoni usiku huohuo, uwaandikie wote uliokuwa ukizungumza nao kwamba kimepata mwenyewe, hata yule aliyekuwa wa tano kwenye foleni.